Mbegu Nayo Ina Wazazi

Jumapili iliyopita tulizungumza juu ya kuhifadhi nafaka nyumbani isiharibiwe na wadudu. Baada ya mazungumzo hayo msomaji mmoja, mfanyakazi wa kiwandani hapa Dar es Salaam, ameniuliza swali ambalo nadhani linawahusu wengi. Asema kwamba kila mwaka, ifikapo Novemba, huwapelekea wazazi wake kijijini fedha za mbegu ya mahindi. Kijiji chao kipo katika nchi kavu. Fedha alizonazo zinatosha mifuko michache tu, na akikosea hatapata nyingine mpaka msimu umekwisha. Je, anunue mbegu gani?

Ndugu msomaji, swali hilo limenigusa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na walioilipia adhabu ya kosa langu walikuwa wengine. Kwa hiyo, kabla sijatoa ushauri wowote, yafaa nianze na kisa hicho.

KOSA LANGU

Mwezi wa Aprili mwaka 2014 nilipelekwa kikazi Mbeya. Njiani niliyaona mashamba ya mahindi ambayo mtu wa kwetu hawezi kuyatazama bila wivu. Mashina yalikuwa marefu kuliko mtu mzima aliyeinua mkono, majani yalikuwa ya kijani iliyokolea kama samani iliyopakwa rangi, na kila shina lilikuwa limebeba hindi nene, pengine mawili. Nikauliza jina la mbegu. Ilipofika Novemba nikamwomba rafiki aliyeko huko aninunulie mifuko mitano ya kilo mbili mbili, nami nikaipeleka nyumbani kwetu Kongwa kwa fahari kubwa, kana kwamba napeleka mahari.

Mama yangu aliipokea mifuko ile kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, huko ilikotoka, mvua hunyesha miezi mingapi?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hii ni mbegu ya kitaalamu, mbegu chotara, wala si ya kukisia kama ile aliyoining'iniza juu ya moshi wa jiko. Mama hakubishana nami. Alikuwa amekusudia kupanda mtama sehemu kubwa ya shamba, na mahindi yake mafupi ya siku zote kando kando. Kwa ajili yangu akabadili mpango, akaipa mbegu ya Mbeya theluthi mbili za shamba.

Mvua ilianza Desemba. Mpaka mwisho wa Januari wapita njia walikuwa wakisimama kutazama shamba la Mama, na mdogo wangu akanipigia simu kuniambia kwamba watu wanauliza mbegu ile inauzwa wapi. Halafu, mapema Februari, mvua ikakatika. Kwa watu wa Dodoma jambo hilo si geni, kwani katikati ya masika ya huko aghalabu huingia siku kavu, pengine wiki mbili, pengine zaidi. Safari ile zilikuwa wiki tatu. Wiki hizo tatu zikaikuta mihindi ile mirefu katika saa yake ya uchungu, yaani saa ya kutoa maua.

Mvua iliporudi majani yakakunjuka, na kwa mbali shamba likaonekana zima. Lakini walipoanza kumenya walikuta magunzi yenye punje chache zilizotawanyika, kama meno ya ajuza. Theluthi mbili za shamba zilitoa madebe sita. Mtama wa ile theluthi moja iliyobaki ndio uliowalisha hadi Julai, na kuanzia hapo mpaka mavuno ya mwaka uliofuata niliwanunulia unga kwa bei ya dukani, mwezi baada ya mwezi, huku karo ya mwanangu ikisubiri.

Mama hakunilaumu hata mara moja. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Tangu siku ile nikaanza kuuliza na kusoma jinsi mbegu ya mahindi inavyotengenezwa, nami nikagundua kwamba swali la Mama ndilo hasa swali wanaloulizana wataalamu.

WIKI MBILI ZA HATARI

Mhindi ni mmea wa ajabu kidogo. Ua la kiume na ua la kike hukaa mbalimbali katika shina moja. La kiume ni mbelewele, lile shada la juu kabisa linalomwaga chavua, na la kike ni hindi lenyewe, linalotokea ubavuni mwa shina likiwa limefungwa katika maganda yake. Zile ndevu zinazochungulia kutoka katika ncha ya hindi si pambo. Kila unywele mmoja umeunganishwa na punje moja iliyomo ndani. Chembe ya chavua ikitua juu ya unywele huo, punje ile hutunga. Isipotua, mahali pale pa gunzi hubaki patupu. Kwa hiyo hindi lenye mapengo linatuambia kwamba harusi ilivunjika, kwa kuwa bwana harusi alifika kabla bibi harusi hajatoka ndani.

Ukame ndio unaoivunja harusi hiyo. Mhindi wenye maji ya kutosha hutoa mbelewele, na baada ya siku moja au mbili ndevu nazo zikatoka. Mhindi wenye kiu hufanya upendeleo. Chakula kidogo ulichonacho hukipeleka kwanza juu, kwenye mbelewele, nalo hindi likacheleweshwa. Chavua humwagwa kwa muda wa kama wiki moja tu, na chembe yake ikisha kupeperuka haina maisha marefu. Ndevu zikichelewa siku tano, punje hupungua sana. Zikichelewa siku kumi, mavuno hukaribia kutoweka.

Ndiyo sababu wiki mbili za ukame zinaweza kupita bila madhara makubwa mhindi ukiwa mchanga, na wiki mbili hizo hizo zikaangamiza shamba zima zikiangukia wakati wa maua. Mihindi yangu ya Mbeya haikufa. Ilisimama wima, mizuri ya kutazama, lakini tasa.

WAZAZI NA POSA

Sasa tuje kwenye mbegu yenyewe. Wengi wetu husema "mbegu chotara" bila kujiuliza ni chotara wa nani na nani. Neno lenyewe linatueleza kwamba mbegu hiyo ina baba na mama, nao si baba na mama wa kuokotwa njiani.

Mwaka 1908 mtaalamu mmoja wa Marekani, George Harrison Shull, aliyekuwa akifanya kazi Cold Spring Harbor katika jimbo la New York, alieleza jambo lililobadili kilimo cha mahindi duniani. Aliichukua mihindi, akailazimisha kila mmoja kujichavusha wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Mihindi hiyo ikazidi kudhoofika na kudumaa, lakini pia kila ukoo ukazidi kufanana wenyewe kwa wenyewe, hata shina moja halitofautiki na jirani yake. Kisha alipouoza ukoo mmoja dhaifu kwa ukoo mwingine dhaifu, watoto wakainuka na nguvu ambazo wazazi hawakuwa nazo. Nguvu hizo ndizo tunazozinunua leo katika mfuko.

Kazi hiyo mpaka sasa hufanywa kwa mikono na kwa subira. Kabla ndevu hazijatoka, hindi changa hufunikwa kwa kifuko ili lisipate chavua ya jirani. Mbelewele nayo hufungiwa katika mfuko wa karatasi. Siku ndevu zinapotoka, mtu huchukua chavua ya shina lile lile na kuimwaga juu ya ndevu zake, akafunika tena na kuandika tarehe. Hurudia hivyo kwa misimu sita au zaidi. Kila msimu koo nyingi hutupwa: hii inaanguka kwa upepo, ile inashikwa na ugonjwa wa milia, nyingine haina hindi kabisa. Zinazosalia ndizo wazazi.

Hapa tunafika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Wazee wetu hawakuoza binti kabla ya kuuliza habari za ukoo wa mposaji. Hawakutosheka kumwona kijana siku ya sherehe akiwa amevaa vizuri na kushiba. Waliuliza: mwaka wa njaa, watu wale waliishi vipi? Walimtazama jirani? Waliuza jembe? Wataalamu wa mbegu nao ilibidi wajifunze kuuliza vivyo hivyo. Kwa miaka mingi wazazi wa mahindi walichaguliwa katika mashamba yenye maji tele na mbolea, na aliyezaa zaidi ndiye aliyechukuliwa. Lakini bingwa wa shamba la maji si lazima awe bingwa wa shamba la kiu, kwani kiu huufichua udhaifu ambao shibe huuficha.

KUTIWA KIU KWA MAKUSUDI

Mwaka 1975 watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano chenye makao yake Meksiko, walianza jaribio lililohitaji moyo mgumu. Walichukua aina ya mahindi ya nchi za joto iitwayo Tuxpeño, wakaipanda mahali paitwapo Tlaltizapán katika majira ambayo mvua hainyeshi kabisa. Maji yote yalikuja kwa mifereji, kwa hiyo wao ndio waliokuwa na ufunguo. Sehemu moja ya shamba ilinyweshwa vizuri, nyingine ikatiwa kiu ya wastani, na ya tatu ikanyimwa maji hasa, ili kiu kali iiangukie mihindi wakati wa kutoa maua. Jamii moja ya mahindi ilipandwa pote patatu, na iliyochaguliwa kuendelea ni ile iliyojitahidi katika kiu bila ya kuwa mvivu katika maji.

Kazi hiyo waliirudia kwa vizazi vinane vya uchaguzi, na mahindi waliyoyapata wakayaita Tuxpeño Sequía, neno "sequía" likiwa ni "ukame" kwa Kispanyola. Yalipolinganishwa na babu zao wa mwanzo, yalizaa wazi wazi zaidi penye ukame, na penye maji hayakupoteza kitu.

La kushangaza ni sababu yake. Mtu angedhani kwamba mahindi hayo yalijifunza kuchimba mizizi mirefu na kunywa maji mengi kuliko wenzake. Haikuwa hivyo, mizizi haikuongezeka. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kile kidogo kilichopo. Mbelewele zilikuwa ndogo zaidi, na hindi likapata haki yake mapema, hivyo ndevu zikatoka karibu na wakati wa chavua hata shina likiwa na kiu. Mashina matasa yakapungua. Kwa maneno mengine, ukoo ule haukupata utajiri mpya, bali uliacha kumpendelea baba na kumsahau mama.

Tangu hapo kuhesabu siku zilizopo kati ya mbelewele na ndevu kumekuwa kipimo cha kawaida cha kuchagua wazazi wa mahindi ya nchi kavu. Kazi ya namna hiyo imefanyika pia karibu na kwetu. Huko Kiboko, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, kuna kituo ambako koo za mahindi hupandwa ili maua yake yaangukie kiangazi, kisha maji hufungwa wakati maua yanapokaribia. Chiredzi, katika nchi kavu ya kusini mashariki ya Zimbabwe, ni mahali pengine pa mtihani huo. Hapo hapo Kiboko, Septemba mwaka 2013, kilifunguliwa pia kituo kinachotumia njia ya kisasa ya kupata koo safi kwa misimu miwili tu badala ya sita au zaidi. Lakini njia hiyo hupunguza muda wa kujichavusha. Mtihani wa kiu unabaki pale pale, maana hakuna njia ya mkato ya kujua nani ataivumilia kiu ila kumtia kiu.

Wazazi waliofaulu mitihani hiyo hupewa majina yanayofanana na namba za magari: CML 312, CML 395, CML 442, CML 444. Mkulima hatayaona dukani. Hata hivyo, mara nyingi majina hayo ndiyo yaliyomo katika damu ya mbegu zinazouzwa katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini chini ya majina mengine. Koo hizi hugawiwa watafiti wa serikali na makampuni ya mbegu, nao huziozesha na zao wenyewe. Katika mradi mmoja mkubwa wa mahindi ya kustahimili ukame, uliofanya kazi katika nchi 13 za Afrika, Tanzania ikiwemo, mpaka mwaka 2015, aina zaidi ya 200 zilitolewa kwa wakulima.

MAMA DHAIFU, MBEGU GHALI

Kuna sababu nyingine ya kuwataka wazazi wawe imara, nayo inatugusa sisi wa mjini moja kwa moja mfukoni. Mbegu iliyomo katika mfuko unaoununua ilizaliwa na ukoo mama. Katika shamba la kuzalishia mbegu, mistari ya mama hupandwa ikifuatana na mistari ya baba, kisha wafanyakazi hupita kila siku wakizing'oa mbelewele za mama kabla hazijafunguka, ili mama apokee chavua ya baba peke yake.

Sasa kumbuka kwamba mama huyu huenda akawa wa ukoo uliojichavusha mara nyingi. Mama wa namna hiyo ni mfupi na dhaifu, na hindi lake ni dogo. Jua likimpiga wakati wa maua, ndevu zake huchelewa, na baba amekwisha kumwaga chavua yake yote. Ekari nzima hutoa mbegu chache. Mwenye shamba amelipa vibarua, mbolea na maji kwa gharama ile ile, kwa hiyo hana budi kuzigawa gharama hizo juu ya mbegu chache, na bei ya mfuko hupanda. Wakati mwingine mbegu nzuri hukosekana kabisa madukani si kwa sababu hakuna aijuaye, bali kwa sababu mama yake hazai vya kutosha.

Ndiyo sababu mtaalamu anayetafuta ukoo mama wenye kustahimili kiu hamfikirii mkulima wa Kongwa peke yake anayepanda mtoto. Anamfikiria pia yule anayemlea mama, na mwisho anamfikiria mfanyakazi anayehesabu noti zake mbele ya kaunta ya duka la pembejeo.

KUKWEPA NA KUSTAHIMILI

Tusichanganye mambo mawili. Kuna mahindi yanayokwepa ukame, na kuna yanayoustahimili. Yanayokwepa ni yale ya muda mfupi, ambayo huwahi kutoa maua na kukomaa kabla mvua haijakatika. Mfano mashuhuri ni Katumani, mahindi yaliyopewa jina la kituo kilicho karibu na Machakos huko Kenya, ambako kazi ya kuyatafuta ilianza katika miaka ya 1950. Watu wengi hawajui kwamba mmoja wa wazazi wake alitoka kwetu. Watafiti waliyachukua mahindi ya Tabora yenye sifa ya kutoa maua mapema, wakayachanganya na mahindi ya wenyeji wa Machakos. Mtoto akapewa jina la kituo cha Kenya, naye baadaye akarudi kupandwa katika mikoa yetu mikavu. Hivyo mbegu fupi aliyoitunza mzee fulani wa Tabora, ambaye jina lake halikuandikwa popote, imelisha watu wa nchi zaidi ya moja.

Kasoro ya anayewahi ni kwamba mwaka wa mvua nzuri hana muda wa kuzaa sana. Anayestahimili ni yule anayekaa shambani muda wa wastani, na kiu ikimkuta katika maua bado ndevu zake hutoka kwa wakati. Katika mbegu bora za leo wataalamu hujitahidi kuziunganisha sifa zote mbili. Miongoni mwa mbegu zetu wenyewe ipo Situka M1, iliyotolewa mwaka 2001 kutoka kituo cha Selian, Arusha, ambayo huwahi kukomaa na huvumilia ukame, na si chotara.

Wapo watakaouliza kama haya ndiyo yale mahindi yaliyobishaniwa ya Makutupora. Hapana. Huko Makutupora, Dodoma, kuanzia Oktoba mwaka 2016, yalijaribiwa mahindi yaliyotiwa jeni kutoka katika bakteria, na mwezi wa Novemba mwaka 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio hayo yasimamishwe. Hilo ni jambo la peke yake lenye hoja zake. Wazazi ninaowazungumzia leo wamepatikana kwa njia ya zamani: kuchagua, kufunika kwa mfuko, kuoza, kutia kiu, na kuchagua tena.

UNAPOFIKA DUKANI

Basi, ndugu yangu uliyeniuliza, haya ndiyo ningekushauri, na ndiyo ambayo ningependa niambiwe mimi mwaka 2014.

Kwanza, usinunue mbegu kwa uzuri wa shamba uliloliona mahali pengine. Uliza kwa mwinuko gani na kwa mvua ya miezi mingapi mbegu hiyo imekusudiwa. Maelezo hayo huandikwa juu ya mfuko au muuzaji mwaminifu huyajua. Kama kwenu mvua ni ya miezi minne, na katikati yake pana siku kavu, mbegu ya nyanda za juu inayohitaji miezi sita si mbegu yako, hata ukipewa bure.

Pili, hakikisha mfuko haujafunguliwa, na kwamba una lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini. Mahindi ya kula yaliyopakwa rangi huonekana kama mbegu, lakini hayana wazazi wanaojulikana.

Tatu, waeleze wazee kwamba mbegu chotara haiwekwi kwa ajili ya msimu ujao. Nguvu tuliyoiona hutoka katika ndoa ya koo mbili. Watoto wakioana wenyewe kwa wenyewe, nguvu hiyo hutawanyika, na mwaka wa pili shamba huwa na warefu, wafupi na tasa pamoja. Kama fedha za kila mwaka ni za mashaka, ni heri mbegu nzuri isiyo chotara, ambayo mkulima anaweza kuichagua katikati ya shamba lake na kuitunza kwa misimu miwili au mitatu.

Nne, usiwaamuru wazee walipe shamba zima zao moja. Mbegu iliyo bora kuliko zote haiteremshi mvua. Mahindi yaliyotoka kwa wazazi hodari yataokoa sehemu ya mavuno ambayo mengine yangeipoteza. Hayatageuza nchi kavu kuwa Rungwe. Mtama na uwele vimekaa katika ardhi ile miaka mingi kuliko mahindi, na heshima yao haijapungua kwa sababu watoto wa mjini wamezoea ugali mweupe.

Mwisho, kabla ya kununua, piga simu nyumbani. Uliza mwaka jana mvua ilikatika lini, na mahindi yalikuwa katika hali gani ilipokatika. Aliyezaliwa pale analijua hilo kuliko mfuko wowote.

Mimi sasa hufanya hivyo kila Oktoba. Mama amezeeka, na kazi kubwa ya shamba imeshikwa na mdogo wangu, lakini mbegu huwa hazipandwi kabla hajaishika mifuko yeye mwenyewe. Msimu uliopita niliwapelekea kilo nne tu za mbegu ya muda wa kati, iliyotajwa kustahimili ukame, wakaipanda theluthi moja ya shamba, mtama ukachukua sehemu nyingine. Siku kavu zilikuja kama kawaida yake. Mdogo wangu akapiga simu kusema kwamba majani yamejikunja lakini ndevu zimetoka. Nikamwomba anipe Mama.

"Ndevu zimetoka," Mama akasema, "ila usinunue mengi mwaka kesho. Mbegu hii bado ni mgeni. Mgeni hupimwa kwa njaa zaidi ya moja."

Nikamwambia kwamba wataalamu nao husema hivyo hivyo. Akanijibu kwamba afurahi kusikia wamekwisha kujifunza.